Nyumba ya Arobaini na Moja

Muuza gesi alipita mbele ya nyumba ya Wembe mara tatu bila kuiona, na nyumba yenyewe haikuwa ya kujificha. Ilikuwa na geti la bluu, mlango wa bluu, na bati jekundu ambalo majirani walilisema vibaya tangu siku lilipopigwa. Wembe alisimama dirishani, simu sikioni, akimtazama yule bwana anavyokokota pikipiki yake kwenda na kurudi kama mtu aliyedondosha ufunguo.

"Dada, niko hapa hapa unaponielekeza," muuza gesi alisema. "Naona kwa fundi cherehani, naona kwa yule mama wa kuku. Kwako ni wapi?"

"Katikati yao! Miaka minne unaleta mtungi hapa, leo umepofuka? Mimi nakuona. Nakupungia mkono!"

Muuza gesi akageuka. Akamtazama usoni kabisa, hatua kumi tu, na macho yake yakapita juu yake kama yanavyopita juu ya kiambaza kitupu. "Dada, nina wateja wengine," akasema, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Wembe alimtukana kimoyomoyo, akapikia mkaa siku hiyo. Mtu mwenye akili zake hawezi kuanza kuogopa kwa sababu muuza gesi ni mjinga.

Wembe halikuwa jina lake, lakini lilimkaa kuliko lile la kuzaliwa. Alikuwa amefanya kazi ya kuchora katika ofisi ya ramani kwa miaka kumi na tisa, na makosa yote ya ofisi yaliletwa mezani kwake. Alikuwa akiyakwangua kwa ncha ya wembe, wino ukatoka kama ukoga, kisha akapuliza vumbi, kisha akaisugua karatasi kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ing'ae. Hapo kwenye kusugua ndipo alipowasumbua wenzake. Karatasi iliyokwanguliwa isiposuguliwa, alikuwa akiwaambia, hunywa wino kama godoro linywavyo maji. Utachora nukta, kesho utakuta buibui.

Nyumbani alikuwa na mama yake mzazi, aliyevunjika nyonga na ambaye safari zake ziliishia kati ya kitanda na kiti, na binti yake wa miaka mitano, mwenye mdomo usiolala, waliyemwita Chiriku. Mume alikuwa ameondoka zamani, akaacha kofia moja msumarini. Wembe aliitumia ile kofia kubebea misumari alipojenga. Miaka minane alijenga, tofali kwa tofali, na hakuna kitu duniani alichokipenda kama kusikia kitasa cha mlango ule kikilia nyuma yake jioni.

Siku tisa kabla ya muuza gesi kupofuka, iliwekwa mezani kwake ramani ya bonde.

Ilikuwa ramani mama, ile iliyochorwa kwa mkono mwaka hamsini na nne, na ofisi ilitaka kuichapisha upya. Mto ulipita katikati kwa wino wa bluu, mistari ya kahawia ya miinuko ikausonga pande zote mbili, na kando yake kulikuwa na shule, mashine ya kusaga, daraja la mbao, vijia vya nukta nukta. Nyumba zilikuwa vijiraba vyeusi, kila kimoja kama kichwa cha kiberiti. Kazi ya Wembe ilikuwa kulinganisha kila kiraba na daftari la upimaji, lile alilotembea nalo mpima ardhi akiandika mlango kwa mlango. Kisichokuwa daftarini hakikai kwenye ramani. Hiyo ndiyo sheria ya kazi ile, na Wembe aliishika kuliko wengine wanavyoshika dini.

Daftarini kulikuwa na nyumba arobaini. Kwenye ramani kulikuwa na arobaini na moja.

Ile ya ziada ilikaa peke yake kwenye kona ya mto, upande wa tope, mahali ambapo mtu hawezi kujenga hata banda la bata. Hakuna kijia kilichoifikia. Pembeni yake paliandikwa kwa penseli, herufi ndogo zilizopauka: *Isifutwe. Mwulizeni mbeba mnyororo.*

"Afadhali uulize kwanza," alisema mtunza stoo, aliyeileta ramani na ambaye alikuwa bado anazungukazunguka meza akitafuta mtu wa kupiga naye soga. "Mbeba mnyororo wa kupimia wa timu ile yuko hai. Alimalizia kazi humu humu ofisini. Namba yake ninayo."

"Nimwulize nini? Daftari limesema."

"Daftari halina macho."

"Asiyekuwepo na lake halipo," Wembe alisema. Akachukua kifutio akafuta maandishi ya penseli, kwa sababu penseli kwenye ramani mama ni uchafu, halafu akachukua wembe.

Kwaru, kwaru, kwaru. Kiraba kikatoka chote. Alipopuliza vumbi, harufu ya tope ikampanda puani, tope la chini ya jiwe ambalo halijawahi kuona jua, hata akainama kuangalia kama kuna kitu kimekufa chini ya meza. Hakukuwa na kitu. Bosi alikuwa akimwita, akaenda, na kule hakurudi haraka. Ile sehemu ikabaki bila kusuguliwa, kwa kuwa haikutakiwa kuchorwa kitu tena.

*

Kumbe siku ile ile muuza gesi alipopita, ilikuwa siku ya tatu tangu bibi yake Chiriku aanze kusikia kitu ukutani.

"Kuna mtu anakwangua ukuta wa nje," mama yake alimwambia mchana wa Jumamosi, kwa sauti ya chini, akiangalia dirisha. "Ukienda kazini anaanza. Ukirudi anaacha."

"Ni panya, mama."

"Mwanangu, mimi nimevunjika nyonga, sijavunjika masikio. Panya hapumziki kupuliza."

Wembe alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini. "Kupuliza vipi?"

"Anakwangua, anakwangua, halafu anapuliza. Fuu. Halafu anaendelea."

Wembe akatoka nje akazunguka nyumba. Chini ya ukuta wa upande wa chumba cha mama yake, kwenye mchanga, kulikuwa na mstari mrefu wa vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo, na katikati ya vumbi kulikuwa na unyevu, na unyevu ulinuka tope. Alipitisha kiganja ukutani. Rangi haikuwepo, na plasta ilikuwa imekwaruka, imelika kiasi cha unene wa kidole. Juu ya kichwa chake dirisha lilikuwa wazi, na ndani Chiriku alikuwa akiongea na mtu.

"Sio Chiriku tu, nina jina lingine la shule," mtoto alikuwa akisema. "Na bibi anaitwa Bibi. Na mama anaitwa Wembe."

Wembe aliingia mbio. Mtoto alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mdoli mapajani.

"Unaongea na nani?"

"Mjomba wa ukutani."

"Mjomba gani? Anasema nini?"

"Anauliza majina yetu. Nikimtajia, anafungua kurasa." Chiriku akaigiza, akilamba kidole na kupekua hewa. "Halafu anasema simo. Na Bibi hayumo. Mama, 'asiyekuwepo na lake halipo' maana yake nini?"

Wembe alimbeba mtoto akamtoa chumbani. Maneno yale aliyasema ofisini, mbele ya mtu mmoja tu, na yule mtu hakujua hata mtaa anaokaa.

Jumatatu dereva wa basi la shule akampita Chiriku aliyesimama getini na begi mgongoni, akapiga honi kwa fundi cherehani, akaondoka. Jumanne mama wa kuku alikutana na Wembe dukani akamkumbatia kama mtu aliyetoka safari. "Jamani, ndiyo mmehama bila kuaga? Mmekwenda wapi?" Wembe akasema hawajahama, wako pale pale, ukuta kwa ukuta. Yule mama akacheka, kisha akaacha kucheka, akamtazama kwa huruma anayotazamwa nayo mgonjwa. "Dada yangu," akasema polepole, "mimi pale nimepakana na fundi cherehani."

*

Jumatano asubuhi Wembe alimwomba mtunza stoo ile namba. Mtunza stoo alitaka kutania, akamwona uso, akaiandika.

Sauti iliyopokea ilikuwa ya mzee mkavu, mwenye pumzi fupi. Wembe alijitambulisha, akaeleza kuhusu kiraba cha kwenye kona ya mto.

"Umeifuta," mbeba mnyororo alisema.

"Shikamoo, mzee. Ndiyo, nimeifuta."

"Marahaba. Ulimwuliza nani?"

Wembe alitaja daftari.

Mzee akaeleza, kwa ufupi na kwa hasira. Nyumba yake, anayoishi mpaka leo, ndiyo ya arobaini, ya mwisho kuelekea ile kona. Kabla ya ramani, kwenye kona ile lilikaa jini ambalo halikuua mtu na halikumpanda mtu kichwani, lilichukua nyumba. Jamaa angetoka asubuhi kwenda shamba, jioni akirudi hakuna mlango, hakuna ukuta, amebaki na kiwanja kisicho na upana, na sauti za watoto wake humo humo zikimwita mpaka zinyamaze. Nyumba tatu zilikwenda hivyo. Mpima ardhi alipokuja, wabeba mizigo waliweka mnyororo chini wakagoma kuvuka. Ndipo mama yake yeye mzee, aliyekuwa mganga wa bonde zima, alipomfuata mpima ardhi, akamwambia: wewe unayewaandikia watu nyumba, mwandikie na huyu, huenda kinachomuuma ni kukosa. Mpima ardhi alicheka mpaka akafuta machozi, lakini alitaka mto wake upimwe, akachora kiraba. Daftarini alikataa kuandika, maana daftari lina sahihi yake.

"Likaingia," mzee alisema. "Miaka yote hii hatujapoteza hata banda. Wewe umemtoa mtu kwake kwa wembe, binti. Mkuki kwa nguruwe?"

"Nifanye nini, mzee?"

"Irudishe. Leo, kabla jua halijazama. Mahali pale pale, kwa mkono ule ule uliofuta, na uombe radhi kwa sauti. Na uisugue karatasi kwanza, wino usije ukatambaa. Nimekaa na wachoraji miaka ishirini, nawajua haraka zenu."

"Mzee, hilo mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu."

Alikata simu akaenda mezani, akaitandaza ramani, akachovya kalamu. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo muuza gesi asingelikosea, wala fundi cherehani, wala mtu mwingine yeyote mwenye mtoto nyumbani na kichwa shingoni. Alilitazama daftari. Nyumba arobaini. Chini ya ramani, kwenye nafasi ya mkaguzi, palisubiri sahihi yake, na kwa miaka kumi na tisa hajawahi kuweka sahihi chini ya nyumba asiyoweza kuionyesha. Akifuta kalamu, akajiambia ataandika barua kwa bosi, apate kibali, aifanye kesho kwa utaratibu. Ukuta una unene wa tofali. Siku moja zaidi haiwezi kuumaliza.

Saa kumi na robo alasiri alishuka njia panda, jua likiwa bado kali, watoto wakicheza mpira barabarani, fundi cherehani akipiga pasi barazani kwake.

Ukuta wa fundi cherehani ulikuwa umegusana na ukuta wa mama wa kuku.

Wembe alisimama, akarudi hatua kumi, akahesabu nyumba kuanzia duka la kona kama mtoto anayejifunza namba, moja, mbili, tatu, nne, akafika nyumba ya fundi cherehani ambayo ni ya tano, na ya sita ilikuwa ya mama wa kuku, na kati ya tano na sita hapakuwa na geti la bluu wala bati jekundu wala nafasi ya kupitisha hata kisu, palikuwa na ufa mmoja tu mwembamba unaoshuka kutoka juu hadi chini, na chini ya ule ufa kulikuwa na vumbi jeupe, na vumbi lilikuwa limelowa, na lilinuka tope la chini ya jiwe. Akaiweka simu sikioni, akapiga namba ya mama yake, akiomba Mungu isikatae, na haikukataa, iliita, na aliusikia ule mlio kwa masikio yote mawili, huku kwenye simu na kule ndani ya ufa, mbali, kama unaita chini ya kisima, na juu ya mlio ikaja sauti ya Chiriku, nyembamba kuliko uzi, ikisema, "Mama! Mimi nakuona! Nakupungia mkono!"

"Chiriku! Bibi yuko wapi?"

"Bibi amelala, hataki kuamka. Mama, mjomba ameshafika kwenye kitanda."

Kwaru, kwaru, kwaru. Kisha pumzi ndefu. Fuu. Vumbi likatoka kwenye ufa likamrukia usoni.

Fundi cherehani aliacha pasi juu ya nguo ya mteja akatoka kuangalia kwa nini yule mama anapiga ukuta wake kwa ngumi. Alipofika, mama mwenyewe alikuwa ameshatimka, kiatu kimoja kimebaki barabarani.

*

Mtunza stoo ndiye aliyemfungulia ofisi. Hakuuliza kiatu kiko wapi. Wembe aliitandaza ramani kwa mikono miwili, jua la dirishani likiwa limeshageuka rangi ya chungwa, akakamata kalamu, akaichovya, akapiga upande wa kwanza wa kiraba. "Nyumba yako hii hapa," akasema. "Nimekosa. Nimekutoa kwako bila kukuuliza. Rudi kwako, niachie wangu." Upande wa pili. Upande wa tatu. Kwenye upande wa nne ndipo alipohisi kalamu ikikwama kwenye manyoya ya karatasi, na akaona wino ukichukua njia yake wenyewe, unywele mmoja mweusi unaotoka kwenye pembe ya kiraba na kunyemelea kushoto.

Hakuwa ameisugua.

Alijua. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Angeweza kuacha, akakwangua, akasugua, akaanza upya, na kukwangua kungekuwa kulitoa tena lile lililokwisha kuweka mguu mmoja ndani. Akakijaza kiraba wino mpaka kikawa cheusi ti, akaketi sakafuni na kupiga simu.

Iliita mara moja. "Uko wapi wewe mtoto?" mama yake akafoka. "Muuza gesi yuko getini na mtungi, eti leo ndiyo ameiona nyumba, na huyu Chiriku wako amenimwagia chai kitandani. Njoo!"

Wembe alilia mpaka mtunza stoo akaenda kumtafutia maji. Akaenda nyumbani na kiatu kimoja, akafungua mlango wa bluu, akaufunga, akaufungua tena ili asikie kitasa. Aliwabusu wote wawili mpaka wakamsukuma. Ukuta wa nje ulibaki umekwaruka, lakini asubuhi yake hakukuwa na vumbi jipya, wala kesho yake. Chiriku alipoulizwa kuhusu mjomba, alisema ameaga.

Ijumaa simu ya mezani ilimkuta ofisini.

"Binti, habari za kazi," alisema mbeba mnyororo. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona. "Samahani kukusumbua. Ile kazi uliifanya?"

"Niliifanya, mzee. Siku ile ile. Asante sana, umeniokolea familia."

"Nashukuru." Pumzi zake zilikuwa fupi zaidi kuliko juzi. "Nakuuliza kwa sababu mkwe wangu, mke wa mwanangu, amepita mlangoni kwangu asubuhi hii na ndoo kichwani. Mara tatu. Namwita haitiki. Nampungia mkono. Ananitazama hivi, binti, halafu anaangalia mto."

Wembe aliivuta ramani karibu. Ule unywele wa wino haukuwa umekauka. Ulikuwa umetoka kwenye pembe ya kiraba cha arobaini na moja, ukapita tope, ukapita kijia cha nukta nukta, na mwisho wake ulikuwa umeingia katika kiraba cha jirani, cha arobaini, na kukila pembe moja. Mkono wake wenyewe uliuchukua wembe, kwa mazoea. Akautazama. Kuukwangua wino ule ni kumgusa mwenye nyumba, na alikuwa anajua sasa mwenye nyumba akiguswa anakwenda mtaa gani, kati ya fundi cherehani na mama wa kuku. Akauweka chini taratibu, mbali na ramani, akaufunika na daftari.

"Binti, uko hapo?"

"Nipo, mzee."

"Karatasi uliisugua kwanza?"

"Niliisugua," Wembe alisema, na nyuma ya pumzi za yule mzee akausikia ukuta ukikwanguliwa.